Maswali na majibu: Mbegu zilizoota kwa jirani

Vuli inakaribia, na maswali ni yale yale ya kila mwaka: udongo unaondoka, nifanyeje? Nimechagua matano. Walioyaleta nawataja kwa maeneo yao tu.

*Fundi, tumekata kilima nyuma ya godauni. Kimo ni kama mita 8, urefu mita 60, mchanga mwekundu mtupu. Bosi ameona video ya mashine inayorusha uji wa kijani na nyasi zinaota. Anaitaka hiyo hiyo. Inafaa huku kwetu? (Msimamizi wa ujenzi, Kinyerezi)*

Inafaa, ila uji ule ni kazi ya mwisho, na bosi wako anataka kuanza nao.

Kwanza tuujue ni kitu gani. Ni maji, mbegu za nyasi, mbolea, nyuzi za mbao au karatasi zilizosagwa, na gundi, vyote vikikorogwa ndani ya tangi na kurushwa kwa mpira kama wa zimamoto. Rangi ya kijani haina kazi nyingine isipokuwa kumwonyesha mrushaji wapi amepita na wapi ameruka. Wamarekani walianza kuutumia pembezoni mwa barabara zao kuu miaka ya 1950. Nyuzi zile hulizuia tone la mvua lisiupige udongo moja kwa moja, na hushika unyevu mpaka mbegu ipasuke. Gundi ndiyo inayozuia vyote visiteremke.

Sasa kilima chenu. Kama mmekikata kikasimama kama ukuta, hakuna uji utakaokishika. Mchanga utamomonyoka ukiwa na nyasi zake kichwani. Kilazeni: kwa kila mita 1 ya kimo, angalau mita 2 za kwenda mbele. Kwa mita 8 mnahitaji nafasi ya mita 16 kutoka kwenye kitako. Mkiwa hamna nafasi hiyo, jengeni gabioni chini (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), kisha mlaze kilichobaki juu yake.

La pili, chimbeni mtaro juu ya kilima, kabla ya ukingo, maji ya huko nyuma yakamatwe na kupelekwa pembeni. Wengi wanauruka mtaro huu kwa sababu hauonekani kwenye picha za kukabidhi kazi. Bila huo, fedha ya mbegu mmeitupa.

La tatu nalisema kwa uchungu: msimruhusu dereva wa katapila akilainishe kilima kama keki ya harusi. Apande na kushuka, moja kwa moja juu na chini, minyororo ya katapila iache alama za kulala kukatiza mteremko. Kila alama ni kijishimo cha kushika tone na mbegu. Akipita kwa kukatiza, alama zinasimama wima na kila moja inakuwa mfereji.

Na ule udongo mweusi wa juu mlioukwangua siku ya kwanza, uko wapi? Kama umesukumiwa bondeni na greda, mtaununua tena kwa lori. Kama upo, rudisheni tabaka jembamba kabla ya mbegu.

Hesabu: mkikilaza hivyo, uso wa kilima utakuwa takribani mita za mraba 1,070. Mbegu za ukoka zilizomenywa ni gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kilo 11 zinatosha kabisa. Nyuzi ni tani 2 hadi 4 kwa hekta, zikiongezeka kadiri mteremko unavyosimama; kwenu ni kati ya kilo 210 na 430. Kwa eneo dogo kiasi hicho, sioni haja ya kutafuta mashine. Vibarua wanane, mbegu iliyochanganywa na mchanga mkavu ili isambae sawasawa, kufukia kidogo tu (nusu sentimita, isizidi), halafu majani makavu ya mpunga juu yake na wavu wa usumba au katani uliopigiliwa vigingi. Majani yawe mepesi. Ukitazama kutoka juu uone udongo hapa na pale. Msitumie pumba, zinaelea na kuondoka na mvua ya kwanza. Mashine inaanza kulipa mkiwa na hekta kadhaa, au mteremko ambao mtu hawezi kusimama.

Pandeni vuli inapoanza, yaani Oktoba. Ukoka ukipata unyevu unaota ndani ya wiki mbili hivi. Januari na Februari mtamwagilia, hakuna njia ya mkato, ili masika ya Machi yakute mizizi imeshafanya kazi.

Najua kwa nini nasisitiza tarehe. Miaka ya nyuma nilikubali kazi Makongo mwezi wa Aprili kwa sababu mteja alikuwa na haraka nami nilikuwa na madeni. Nikamwaga mbegu juu ya udongo mtupu, bila majani, bila wavu. Usiku ule ule ikanyesha. Asubuhi kilima kilikuwa kimechanwa mifereji, na mbegu zangu zote ziko getini kwa jirani wa chini. Baada ya wiki mbili jirani akawa na bustani nzuri ya ukoka. Alinishukuru. Mteja wangu hakunishukuru.

*Shikamoo? Au nikuamkie mimi? Nina miaka 71. Ukuta wangu wa mawe unaozuia udongo wa kiwanja cha juu umeanza kutoa tumbo. Fundi anasema tuupige plasta ya saruji. (Bibi, Makongo Juu)*

Shikamoo, bibi. Mimi ndiye wa kukuamkia.

Plasta ni kumvika mgonjwa koti. Ukuta unasukumwa na maji yaliyojaa nyuma yake, kwa kuwa udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu na maji nayo yana msukumo wake. Tazama usoni mwa ukuta: una matundu ya kutolea maji? Kama hayapo, au yapo lakini hayajawahi kutoa hata tone mvua ikinyesha, tatizo ndilo hilo. Nyuma ya ukuta palitakiwa pawe na kokoto, si udongo wa mfinyanzi uliorudishiwa ili kubana matumizi.

Kisha muulize jirani wa juu maji ya bati lake yanakwenda wapi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, na mvua kama hiyo Dar tunaijua, linamwaga lita 5,000. Hizo ni simtanki tano za lita elfu moja moja, zote nyuma ya ukuta wako kwa jioni moja. Gata na bomba la kuyapeleka mtaroni ni bei ndogo kuliko ukuta mpya. Lakini tumbo likishaonekana kwa macho, bibi, wajukuu wasicheze chini yake, na mwite mhandisi aupime kabla hujatoa hata shilingi ya plasta. Huenda ukalazimika kubomolewa.

*Kaka, nimesikia vetiva inashika ardhi kuliko nyasi zote. Nataka kuotesha miche niuze. Nimenunua shina 40 sokoni lakini rafiki yangu anasema nimepigwa. (Kijana wa Mbagala)*

Chukua jani, lisugue mkononi, unuse. Likinukia kama limau umeuziwa mchaichai. Chemsha chai, karibisha rafiki. Jani la vetiva halina harufu ya kutajika. Harufu yake iko kwenye mizizi, na ndiyo inayotengenezewa manukato.

Mdogo wangu, tofauti yao iko chini. Mizizi ya vetiva inakwenda wima, ikipata udongo mzuri inafika mita 3 na zaidi, wakati mchaichai mizizi yake ni ya juu juu. Vetiva inayopandwa kuzuia mmomonyoko haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haitasambaa shambani kwa watu. Unaizidisha kwa kupasua shina. Kata majani yabaki sentimita 20, punguza mizizi, panda kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Mteja akiwa na mstari wa mita 20 utamuuzia miche kama 135 mpaka 200, na hapo ndipo ilipo biashara yako. Usimpandie kwenye kivuli, itadumaa.

Muhimu kuliko yote, mstari ulale sawasawa kukatiza mteremko. Tumia ule mpira wa maji wanaopimia levo mafundi ujenzi. Mstari ukipinda, maji yote yatakusanyika penye bonde na kutoboa hapo. Kazi ya vetiva ni kuyapunguza kasi yasambae na kuacha tope nyuma yake. Wataalamu wa mito wana kanuni kwamba maji yakiongeza kasi mara mbili, yanaweza kusukuma jiwe zito mara 64. Ukiyapunguza kasi mara mbili, hesabu inarudi kwa faida yako.

*Nimepata kiwanja kwa bei nzuri, hatua kama 20 kutoka ukingo wa Mto Msimbazi. Nikijaza kifusi na viroba vya mchanga, si patatulia? (Mnunuzi, Tabata)*

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua zako 20 hazifiki hata theluthi. Na ukiiweka sheria pembeni, kifusi kinaubana mto, na mto ukibanwa unakula ng'ambo au unakula chini ya kifusi chenyewe. Viroba navyo vinachanwa na jua, mchanga unamwagika. Desemba 2011 watu wa bonde hilo walipoteza ndugu na nyumba, na baadhi ya waliobaki wakahamishiwa Mabwepande. Bei nzuri hiyo, ndugu yangu, muuzaji ameipunguza kwa sababu anazozijua.

*Chini ya mwembe wangu mkubwa ndiko udongo unakochimbika zaidi. Si tunaambiwa miti inazuia mmomonyoko? (Dada wa Salasala)*

Umeona vizuri, dada. Maji hukusanyika kwenye majani na kuanguka matone makubwa kuliko yale ya mvua yenyewe, na hapo chini umefagia kila asubuhi mpaka udongo unang'aa. Acha kufagia. Majani yakae yalipoanguka.