Swali lilikuwa la mama

Katika kikao chetu cha kwanza mshauri wa ndoa alimuuliza mke wangu, anayeugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, "Asubuhi ukiamka, kitu gani huwa kizito zaidi?" Nikajibu mimi. Nikaeleza asivyotoka kitandani, asivyokula, asivyopokea simu za dada zake. Nilieleza vizuri kweli, kama mwanafunzi aliyekesha akisoma. Mshauri akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Asante, baba. Swali lilikuwa la mama."

Akampa mke wangu kalamu yake. Mwenye kalamu ndiye msemaji. Asiye nayo anasikiliza, na kabla ya kujibu anarudia alichosikia mpaka mwenzake akubali kuwa ndicho alichosema. Niliona mchezo wa watoto. Halafu ukaja ukimya. Mke wangu akakifungua kifuniko cha ile kalamu, akakifunga, akakifungua tena. Nadhani haikufika dakika moja, lakini mimi nilikuwa nimeshapanga sentensi tatu za kumsaidia. Ndipo akasema: "Kizito ni kuulizwa kama niko sawa. Najua jibu analolitaka, na sina."

Ikabidi niyarudie maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe. Yalikwama kooni.

Sonona inaweza kumfanya mtu awe mzito kufikiri na kusema. Mimi ule uzito niliuona kununa, nikawa namwandama kwa maswali. Nikimwandama, anajifungia; akijifungia, napandisha sauti. Washauri wa ndoa wanaujua sana mzunguko huu: mmoja anadai, mwingine anakimbia, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Basi "uko sawa?" tukaizika. Tukaweka namba ya hali yake, 0 ikiwa mbaya kabisa hadi 10 ikiwa nzuri kabisa, kila asubuhi, bila maelezo. Akisema "tatu", nauliza jambo moja tu: nikae hapa au nikuache kidogo? Swali la jibu fupi analimudu. Kumuuliza mipango ya mwaka siku aliyosema "tatu" ni kumtwisha gunia.

Mwaka 1989 watafiti Jill Hooley na John Teasdale walichapisha utafiti wao juu ya watu waliokuwa wametibiwa sonona. Swali moja, kwamba unahisi mwenzi wako anakukosoa kiasi gani kwa kipimo cha 1 hadi 10, lilisaidia sana kubashiri nani ugonjwa ungemrudia. Mimi nilijipa mbili. Mke wangu alinipa saba. Nikabisha, maana sijawahi kumtukana. Lakini saba zake hazikutokana na matusi. Zilitokana na "ungejitahidi kidogo tu", na "toka nje upate hewa", na ile pumzi ndefu niliyoishusha kila nikikuta vyombo havijaoshwa. Pumzi! Nilidhani haisikiki.

Zamu yangu ya kalamu nayo ilifika, na hapa wengi wetu tusio wagonjwa tunakosea kwa kumeza kila kitu. Nilisema nimechoka na nina upweke. Yeye alikuwa ameamini kwamba nimemchoka yeye. Kwa hiyo sema, ila jambo moja kwa wakati, na lisiwe la usiku wa manane. Wala usiisingizie sonona kila kitu. Siku niliyosahau ahadi yangu akakasirika, nikamuuliza kama amekunywa dawa. Akanijibu, "Hata mgonjwa anaruhusiwa kukukasirikia." Sikuwa na la kusema.

Kikao cha wawili hakichukui nafasi ya matibabu yake, na dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usianze kumkagua siku ya nne. Penye kipigo au vitisho, kukaa pamoja mbele ya mshauri kunaweza kuongeza hatari. Tafuta msaada peke yako kwanza. Na ukihofia kwamba anawaza kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, na mtafute daktari siku hiyohiyo.

Kalamu ya mshauri tuliirudisha. Nyumbani tunatumia rimoti ya televisheni. Juzi mke wangu aliishika kimya muda mrefu, nami nikangoja, moyo ukinienda mbio. Mwishowe akasema, "Naomba usogee. Umekalia blanketi langu."