Paka anakojolea zulia na beseni la mchanga lipo

Pole sana dada. Unasema dume wako ameacha mchanga na sasa anakojolea zulia la sebuleni. Kwanza mchunguze: akichuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki au unatoka matone tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Njia ya mkojo ikiziba, dume hufa ndani ya siku chache.

Kama ni mzima, angalia beseni. Zoa uchafu kila siku na uliweke mbali na chakula chake. Zulia usilisafishe kwa dawa yenye amonia, harufu ya amonia inafanana na ya mkojo, itamrudisha palepale. Na tafadhali usimpige; atakuogopa tu, aende kukojoa uvunguni. Hajahasiwa? Mhasi, kunyunyiza mkojo ukutani hupungua sana.