Chembe sahani 62,000, kemo imeahirishwa

Pole sana ndugu. Kwahiyo mama kaenda kemo (dawa za kansa) ya tatu, chembe sahani, yaani zile chembe zinazogandisha damu, zikasoma 62,000, karudishwa nyumbani, na wewe unawaza kansa imesambaa. Kwa baba yangu nilichanganyikiwa hivyohivyo.

Kwanza angalia tarehe ya kemo iliyopita. Dawa inaupiga uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, ndo kiwanda chenyewe cha chembe sahani, na hizi chembe zinaishi siku 7 mpaka 10 tu, so kwa dawa nyingi wiki ya pili zinakuwa chini kabisa halafu zinaanza kupanda zenyewe kurudi kwenye kawaida, 150,000 na kuendelea. Baba walimsogezea wiki moja tu akaendelea. Zikigoma kupanda wiki kadhaa, hapo muulize daktari kama ugonjwa umeingia kwenye uboho.

Mkague miguuni kila jioni, vidoti vyekundu kama vya ncha ya sindano, ukibonyeza havipotei. Ukiviona, au choo cheusi, au fizi zinatoka damu haziachi, piga simu wodini hapohapo usingoje asubuhi. Aspirini na ibuprofeni asinywe bila daktari kujua, mswaki uwe laini (baba aligombana na mswaki kuliko sindano!).