Tangazo la bei ya korosho lisiwe picha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala. Kila mnada wa korosho unapomalizika, tunaipiga picha karatasi ya bei na kuiweka katika tovuti ya chama. Mwanachama wetu mmoja asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, anasema akifika hapo simu inanyamaza. Wazee nao wanalalamika kwamba herufi ni hafifu. Tufanye nini bila kujenga tovuti upya?

JIBU: Ndugu Katibu, malalamiko hayo ni ya haki kabisa, na sehemu kubwa yake inaweza kwisha kabla ya mnada ujao. Programu za kusoma skrini, kama TalkBack iliyomo katika simu nyingi za Android, zimekusudiwa kusoma maandishi, na karatasi iliyopigwa picha si maandishi hata ikijaa tarakimu. Chapeni bei ndani ya ukurasa wenyewe: tarehe ya mnada, ghala, kilo zilizouzwa, bei ya juu na ya chini, katika jedwali ambalo kila safu ina kichwa chake, ili anayesikiliza ajue tarakimu anayosomewa ni ya ghala lipi. Karatasi yenye mhuri ibaki chini yake kwa wanaotaka kuhakiki, ikiambatana na maelezo mafupi. Maandishi hufunguka upesi kuliko picha, na mkulima mwenye bando dogo atafaidika vilevile.

Kuhusu wazee, mwongozo wa WCAG, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, unataka tofauti ya mng'ao kati ya herufi za kawaida na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1, na maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kukatika. Achaneni na kijivu, tumieni nyeusi.

Fundi wenu pia aandike katika msimbo wa ukurasa kwamba lugha yake ni "sw", yaani Kiswahili. Ikibaki "en", yaani Kiingereza, kama ilivyo katika violezo vingi vya tovuti vya kununua, simu inaweza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza hadi yasieleweke.

Wala hii si hisani: Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inahusu pia upatikanaji wa habari. Ukurasa ukiwa tayari, mwombeni mwanachama huyo aufungue kwa simu yake mwenyewe. Akishindwa kuitaja bei ya ghala lenu, jedwali lirekebishwe kabla ya kutangazwa.