Muulize Afande: "Mdogo wangu aliingia, nikafunga laptopu"

Jambo afande. Mimi ni fundi simu hapa Jinja, nina miaka 23. Rafiki yangu alinijazia flashi katuni za Kijapani za michezo. Haikyuu!! niliimaliza upesi, voliboli mwanzo mwisho, raha tupu. Kisha nikafungua Free!, ya waogeleaji. Vijana vifua wazi, maji yanawachuruzika, kamera inawapanda polepole kutoka kiunoni hadi shingoni. Halafu wanalilia urafiki wao wa utotoni. Mdogo wangu wa kiume alipoingia, nikafunga laptopu haraka. Nilipowasimulia vijana wa steji, mmoja akaniuliza kama nimebadilika. Sijabadilika, afande. Kwa nini basi nilisikia vibaya? Niendelee au nifute?
Fundi, Jinja

Jambo fundi. Kabla ya kujibu nilimwagiza mjukuu wangu anitafutie hiyo Free!. Alinidai bando la siku nzima kwanza, nikalipa, tukatazama pamoja.

Nilipokuwa kuruta tulioga mtoni kikosi kizima, uchi, kipande kimoja cha sabuni kikipita mkono kwa mkono huku mkufunzi akihesabu kwa sauti. Hakuna aliyewaza lolote isipokuwa baridi, na kwamba akifika mwisho wa kuhesabu lazima uwe umevaa buti. Wewe mwenyewe uko Jinja, unawaona wavulana wakirukia maji ya ziwa jioni bila nguo, wala hugeuzi shingo. Kwa hiyo mwili wa mwanamume haukutishi. Kilichokukera ni kamera.

Kamera hiyo hiyo unaijua. Katika katuni nyingi humpanda msichana vivyo hivyo, kuna hadi vipindi vya ufukweni visivyo na kazi nyingine, na vijana kibandani wanapiga miluzi. Siku hizo hufungi laptopu. Free! ilitoka 2013 katika studio ya Kyoto Animation, na aliyeiongoza ni mwanamke, Hiroko Utsumi. Ilianzia kwenye tangazo fupi la waogeleaji lililozagaa intaneti mapema mwaka huo, watazamaji wakalishangilia, wengi wao wanawake. Umeingia harusini ukakuta viti vya mbele wamepewa akina mama. Hakuna aliyekufukuza, ila hukuzoea kukaa nyuma. Na watengenezaji wenyewe wanajicheka: Haruka, mhusika mkuu, akiona maji tu anaanza kuvua nguo, wenzake wanamshika, kumbe ndani keshavaa ya kuogelea!

Haikyuu!! haikukusumbua kwa sababu mle kamera iko kazini. Hinata, mhusika mkuu, ana sentimita 162.8, mwenzake Kageyama 180.6, na kinachoonyeshwa ni jinsi huyo mfupi anavyopaa juu ya wavu. Msimu wa 3, wa 2016, ni mechi moja tu ya Karasuno, timu yao, na Shiratorizawa kwa vipindi 10. Watu wanalia mle, wanakumbatiana, wanarukiana migongoni. Ulifurahi. Basi kukumbatiana nako hakukuwa shida.

Kwa urafiki, sisi ndio tungewafundisha Wajapani. Rafiki yangu wa bataliani alipohamishwa nilimsindikiza hadi kwenye lori tumeshikana mikono, kila mtu anatuona, na sajenti alichosema ni kwamba lori linachelewa. Sasa hivi, tangu sheria ya 2023 ya kupinga ushoga, kila steji ina wapelelezi wake wa kujitolea, na vijana waliokuwa wakitembea wameshikana vidole wanaachiana wakiona simu imeinuliwa. Yule aliyekuuliza kama umebadilika alikuwa anajikinga yeye kwanza: mwenye kuuliza haulizwi. (Mhariri wangu hapendi nikikaa sana hapa, nasogea.)

Kama hadithi ya Free! haijakushika, futa, nafasi ya flashi ni pesa. Mimi imenishika kwa ajili ya Rin, aliyekwenda Australia kusaka ubingwa, mambo yakamkwamia, akarudi nyumbani na hasira, hasira zote akawatupia marafiki wa zamani. Nimewaona askari wa namna hiyo, wametoka kozi ng'ambo hawasalimii mtu. Ukifika kipindi cha mwisho utaona kwa nini kuogelea pamoja na hao marafiki kuna uzito.

Na mdogo wako akiingia tena, usifunge. Ulipofunga ndipo alipojua kuna kitu. Mpe nafasi akae, akiuliza kwa nini wamevua mashati mwambie wako kwenye bwawa.

Afande, mwanangu wa miaka 12 anacheza kikapu shuleni na anataka katuni ya mchezo huo. Ipi haina mambo ya ajabu?
Mama, Ntinda

Mambo ya ajabu hukuyataja, mama, lakini nahisi umesimama karibu na fundi. Mpe Slam Dunk, vipindi 101, ya 1993 hadi 1996. Katuni hiyo inakatika kabla ya mashindano ya taifa, kwa hiyo mechi dhidi ya shule ya Sannoh mtafutie katika filamu ya 2022, The First Slam Dunk. Mle Sakuragi na Rukawa, wachezaji wa timu moja ambao hawapatani hata kidogo, wanapigana viganja mara moja, kisha kila mmoja anageukia upande wake. Unachopaswa kuangalia ni ugomvi: Sakuragi hupiga watu kwa kichwa chake, na wavulana wa miaka 12 hujaribu.