Jibu: Sifa za jamii iliyolelewa na Uislamu

Ndugu yangu, umeuliza ni nini huitambulisha jamii ya Kiislamu, ukiacha mavazi na misikiti. Kwangu ya kwanza ni haki ya mnyonge katika mali ya mwenye nacho: zaka ya fedha, asilimia 2.5 ya akiba iliyotimiza nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka, hugawiwa makundi 8 yaliyotajwa katika Sura ya Tauba ya Kurani, aya ya 60, hivyo anayeipokea hachukui hisani bali chake. Hapa Tanga nimemwona mama akipimia kila mtu wa nyumbani pishi ya mchele wa fitri, zaka ya kumalizia mfungo wa Ramadhani, hata mtoto anayenyonya, kisha akaupeleka kwa mjane kabla ya sala ya Idi, umefunikwa kawa, ili jirani asitahayari.