Saa Nyeusi Yenye Vichwa vya Simba, na Maswali Mengine ya Saa Kongwe za Kimarekani

*Shikamooni wahariri. Hapa Columbus, Ohio, nimenunua saa nyeusi ya mezani kwenye mauzo ya vitu vya marehemu. Ina nguzo sita mbele na vichwa vya simba ubavuni. Muuzaji kasema ni marumaru ya mwaka 1880, kwa kuwa chini ina karatasi iliyoandikwa Septemba 7, 1880. Ni kweli? Na niisafishe kwa nini?*

Marahaba. Marumaru ya ukubwa huo ingekuvunja kiuno, na yako bila shaka uliibeba hadi garini bila kuhema. Ni mbao iliyovikwa ngozi nyembamba ya seluloidi, aina ya plastiki ya zamani. Kampuni ya Seth Thomas, ya Thomaston, Connecticut, iliiita Adamantine. Ile Septemba 7, 1880 ni tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi) ya ule mvisho, na iliendelea kubandikwa kwenye saa zilizotoka kiwandani miaka mingi baadaye. Wauzaji wengi hujikwaa hapo, wengine kwa makusudi.

Umri wake utaujua ukiigeuza. Washa tochi uimulike chini na mgongoni kwa ubavu, utafute namba zilizopigwa muhuri wa wino, mfano 8981 C. Zisome kinyumenyume: 1898. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, hivyo saa ya mfano wetu ni ya Machi 1898. Wino umefifia kwenye nyingi, lakini mwanga wa pembeni huufichua.

Saa hizi ziliiga saa za Kifaransa za mawe meusi, ambazo bei yake haikuwa ya kila mtu. Kila kiwanda kilikuwa na hila yake. Ingraham wa Bristol, Connecticut, walipaka mbao rangi nyeusi ya kung'aa, na Ansonia walitengeneza nyingi za chuma cha kusubu. Beba sumaku ndogo mfukoni unapokwenda kununua: ikinasa kwenye kasha, ni chuma. Isiponasa, tafuta maungio ya seluloidi kwenye pembe. Mara nyingi utaona ukingo umeanza kubanduka.

Kusafisha ni kwa kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kikakamuliwa mpaka kikaribie kukauka. Spiriti na amonia ziweke mbali. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ndiyo mbaya kuliko zote, kwani asetoni huyeyusha seluloidi papo hapo. Seluloidi pia hushika moto haraka, kwa hiyo usiiweke juu ya hita wala usiwashe mshumaa kando yake. Simba nao si shaba. Ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na ukiwapiga polishi ya shaba utabaki na simba wa kijivu. Uso wa saa ukiwa wa karatasi, maji yasiufikie kabisa.

*Saa yangu ya kampuni ya Waterbury nikiisukuma pendulamu inatembea dakika tano, kisha inasimama. Nimeambiwa ilijazwa ufunguo kupita kiasi. (Msomaji, Worcester, Massachusetts)*

Hakuna saa inayosimama kwa sababu ilijazwa mno. Springi iliyojaa ikashindwa kuzungusha magurudumu inakuambia kuna kinachozuia, ama uchafu, ama uchakavu, ama saa haikukaa sawa. Anza na hilo la mwisho, maana halina gharama.

Sikiliza mlio. Saa iliyokaa sawa hulia tik, tak, tik, tak, kwa nafasi sawa. Yako huenda inalia tik-tak… tik-tak… kama mtu anayechechemea. Iweke mahali palipopimwa kwa pimamaji, kisha inyanyue upande mmoja kwa kadi kadhaa za karata, ujaribu na upande wa pili, mpaka mlio usawazike. Kumbuka ni upande upi ulioinuliwa. Sasa ondoa kadi, fungua mlango wa nyuma, utafute waya mwembamba unaoshuka na kuishika fimbo ya pendulamu. Shikilia sehemu yake ya juu kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili upinde polepole kuelekea ule upande uliokuwa juu. Milimita moja kwanza. Sikiliza tena. Ukienda kinyume mlio utazidi kuchechemea, na hapo urudi tu ulikotoka.

Ikiendelea kusimama ingawa mlio ni mzuri, mulika vile vibao viwili vya shaba vinavyobeba magurudumu. Uji mweusi kuzunguka tundu ni mafuta yaliyooza yakachanganyika na unga wa shaba na chuma, na unga huo husaga kama msasa. Tundu lililokuwa duara hugeuka yai, ncha ya ekseli inahama, meno hayakutani vizuri tena. Dawa yake ni fundi kulitanua tundu na kuingiza bushi mpya, yaani pete ndogo ya shaba. Mafuta ya kupuliza ya WD-40 hayatibu: yanaulainisha ule uji, saa inatembea siku chache, kisha inaganda na unga bado umo ndani. Mafuta ya cherehani nayo ni mepesi, hutambaa yakaliacha tundu kavu. Tumia mafuta maalumu ya saa, kiasi kinachoning'inia kwenye ncha ya sindano, kwa kila tundu, baada ya kusafisha. Meno ya magurudumu hayapakwi kitu.

*Saa tatu inagonga mara nne!*

Tuseme mishale yako iko kwenye 9. Saa nyingi za Kimarekani zina gurudumu lenye mikato ya kina, linalohesabu midundo bila kujua mishale iko wapi. Springi ya kugonga ikiisha kabla ya ile ya muda, hesabu inapotea njia. Rudisha mshale mrefu taratibu kutoka 12 hadi karibu na 8, usogeze mbele tena mpaka igonge, urudie hadi midundo ilingane na saa. Baadhi zina waya mdogo unaoning'inia chini upande wa kushoto, ukiuinua inagonga. Ikiwa kila unachofanya inarudia kosa lilelile, yako huenda ni ya aina inayosoma mshale wenyewe. Hapo sogeza mshale mfupi tu, uelekee kwenye saa iliyogongwa.

Na kwa mwenzetu aliyeuliza kama anaweza kuiweka kwa saa za Kiswahili: weka tu. Mzunguko ni wa saa 12, na saa haijali kama jua limechomoza au la. Saa moja itagonga mara moja, watoto wataacha kubishana.

*Dada yangu kaniletea Mombasa saa ya New Haven kutoka Connecticut. Kule ilikuwa barabara, huku inachelewa kama dakika moja na nusu kila siku. Imeharibika safarini?*

Haijaharibika. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta, tena huku mzunguko wake una kasi zaidi, kwa hiyo mvuto unapungua na pendulamu inabembea polepole. Kati ya Connecticut na Mombasa tofauti ni sekunde 100 hivi kwa siku, hesabu yako hasa. Mfaransa Jean Richer aliliona jambo hili Cayenne, Guyana ya Kifaransa, karibu na ikweta, mwaka 1672, saa yake ilipochelewa dakika mbili na nusu kwa siku. Joto la Pwani huongeza sekunde chache tu.

Tazama juu ya 12. Kama kuna kitundu chenye ekseli ya mraba, ingiza ncha ndogo ya ufunguo uzungushe kuelekea F (*fast*, yaani haraka). Kama hakipo, pandisha uzito wa pendulamu kwa nati iliyo chini yake. Pendulamu ya sentimita 14 inahitaji kufupishwa theluthi moja ya milimita, basi zungusha kidogo mno, usubiri siku nzima. Usiiweke dirisha linalopokea upepo wa bahari: springi ikipata kutu hukatika.

*Nikijaza ufunguo uliniponyoka, ukazunguka kwa kasi ukanichubua vidole. Niifungue mwenyewe?*

Usiijaze tena, na nati nne za kibao usiziguse. Kilichoshindwa ni kile kizuizi kidogo kinacholia kri-kri unapojaza. Ribiti yake hulegea au waya wake hukatika, na huu ndio ubovu wa hatari kuliko wote kwenye saa hizi. Springi zake hazina kopo la kuzifunika: ni utepe wa chuma wenye upana wa milimita 19 na urefu wa zaidi ya mita mbili, uliokunjwa wazi. Ukifyatuka vibao vikiwa vimefunguliwa, unapinda ekseli, unang'oa meno ya gurudumu, na vidole haviponi. Fundi huulegeza kwanza kwa kishikizo chenye mpini laini wa mbao unaoteleza kiganjani, au huubana kwa pete za waya mnene, ndipo afungue.

*Nimepata Ansonia bila pendulamu. Nitajuaje ipi inafaa?*

Soma kibao cha nyuma cha mashine. Ukiona 5½ au 4½ imegongwa kwenye shaba, huo ni urefu wa pendulamu kwa inchi. Agiza kwa namba hiyo, na uzito wa chini uwe wa mtindo wa saa za zama hizo. Na siku utakapoisafirisha, hata kwa gari la jirani, ing'oe pendulamu kwanza, uifunge peke yake kwenye gazeti.